Jina la Nyokabi Kati ya Warurumo

Jumatatu, 3 Machi

Ofisini Ruiru saa mbili kamili. Chai ya tangawizi, kisha samaki wangu. Warurumo ni viumbe wa gemu yetu: mwili wa samaki, mikono ya mtu, kwao chini ya maporomoko kama yale ya Chania. Leo nimeamua hawali mto ukichafuka. Wanangoja maji yatulie, hata siku tatu, na mkongwe wao ndiye anaonja kwanza. Nimependa sana hiyo. Kazi yangu ni kutunga adabu za samaki na sioni aibu.

Halafu Jaspal, mwenye kampuni, akaja kuvuruga. Anasema Warurumo hawana majina, na mchezaji hawezi kupenda kitu kisicho na jina. Nisipoleta majina yenye maana kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, watageuzwa maadui wa kuchomwa mikuki. Miezi minne nimewalea! Nilikasirika hadi nikasahau kula.

Jumanne, 4 Machi

Majina arobaini asubuhi, yote takataka. Kevo, anayeandika programu, alisema yanasikika kama dawa za minyoo. Ni kweli, lakini nani alimuuliza?

Mchana nikaamua wapewe majina kama sisi nyumbani. Mvulana wa kwanza, babu wa upande wa baba. Wa pili, babu wa upande wa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa nyanya. Nikajaza kurasa mbili mbio mbio. Ndipo nikakumbuka mama Mrurumo hutaga mayai mia nne. Majina ni manne tu. Ngai! Kutakuwa na Kamau mia moja wa tumbo moja.

Nimecheka peke yangu kama mwehu. Lakini hata kwetu, kwenye harusi, ukiita Kamau wanageuka wanane. Ndiyo maana kuna Kamau mrefu, Kamau wa Mugutha, Kamau wa kukohoa. Basi na Warurumo nao. Jina la kwanza ni la babu, la pili unajitafutia kwa vituko vyako.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kuingiza majina, ya kujaribia tu. Yule mkongwe mwenye mstari mweupe mgongoni nimemwita Nyokabi. Ni jina la cucu, mama yake Mama. Kwetu hakuna anayeitwa hivyo. Mama alizaliwa peke yake, mimi pia peke yangu, na msichana wa kwanza ni wa upande wa baba. Ndiyo maana mimi ni Wairimu. Nyokabi angekuwa mdogo wangu. Hakuja.

Basi nimempa samaki. Nimejisikia vizuri siku nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Thika, kwa Mama. Heri ningekaa kwangu.

Nilibeba laptopu nimwonyeshe. Akaona jina, akatabasamu kama msichana. "Huyu ni mama?" Nikamwambia ndiye. Akabonyeza ili amsalimie. Sikujua Kevo ameshaweka mikuki humo, eti anajiandaa mapema. Mkuki ukaruka. Skrini ikaandika: Nyokabi amekufa.

Mama alifunga laptopu polepole. Akaniuliza, "Na nani ameachiwa jina?" Akaenda jikoni, hakunisindikiza hata kwa lango. Sijawahi kuona aibu namna hii. Nimemfanya mama yangu amchome mama yake.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia mara tatu. Hashiki. Kanisani sikusikia neno hata moja.

Jumatatu, 10 Machi

Amepiga mwenyewe, saa moja asubuhi. Hana hasira kwamba Nyokabi alikufa. "Kufa tutakufa sote, Wairimu. Lakini unamwachaje mtu aende na jina lake lote?" Kisha akauliza kama nimekula. Nimelia kidogo. Ni kwa afueni, na kwa ujinga wangu pia.

Hapo hapo nikajua kilichopungua. Niliwapa Warurumo majina, sikuwapa warithi. Nimemkimbilia Jaspal kabla hajaweka mkoba chini. Mrurumo akifa, jina lake linaingia kwa kifaranga anayeanguliwa siku hiyo hiyo. Na kifaranga anajua aliyelibeba jina kabla yake alikufaje. Jaspal akakuna ndevu. Akasema anataka kuona kwa macho Ijumaa, hataki hadithi.

Jumatano, 12 Machi

Kazi, kazi, kazi. Vifaranga wa Kevo wanaanguliwa wakitazama ukuta. Wengine hawana mikia. Nina hofu. Wakikataliwa Ijumaa ni mikuki tu, na Mama nitamwambia nini?

Ijumaa, 14 Machi

Wamebaki! Wamebaki, wamebaki.

Jaspal alicheza mwenyewe. Akamchoma Nyokabi makusudi, mjeuri huyu. Nilifumba macho. Nilipofumbua, yai lilikuwa limepasuka na jina liko juu ya kifaranga wa ukubwa wa kidole. Akamtazama Jaspal, akampa mgongo. Kisha mto mzima ukampa mgongo. Jaspal akawarushia chakula, wakakiacha kikaelea. Akarusha tena. Dakika ishirini mwenye kampuni anabembeleza samaki!

Mwishowe akasukuma kompyuta kando. Alisema kwa Kikuyu, kizuri kuliko changu, kwamba kwao Masingasinga mtoto hutafutiwa herufi ya jina ndani ya kitabu kitakatifu, na hakuna anayechezea jambo hilo. Kevo aondoe mikuki yote. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Jumapili, 16 Machi

Thika. Nimemfungulia Mama mchezo wake ule ule wa Jumamosi, lakini sasa yai limepasuka. Kifaranga mmoja, Nyokabi. Hakugusa kitu kwanza. Alienda akaosha mikono.

Baba alipokuwa hai aliniita maitu, mama yangu, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Wazazi wote huku huwaita hivyo mabinti waliobeba majina ya mama zao. Mama hakuwahi kupata wa kumwita. Nina miaka thelathini na sita na sikuwahi kuliwaza jambo hilo.

Aliinama karibu na skrini, miwani puani. "Maitu," akasema, "umeamka vyema?" Kifaranga akaja hadi mbele kabisa, akatulia hapo. Mama akavuta kiti, akaanza kumweleza habari za shamba. Niliwaacha, nikaenda kuosha vyombo.