Redio ya Cephas Isiyo na Kaseti

Migori Mjini,
Jumatatu, 29 Novemba 1999

Mama Dorine, usikubali ng'ombe wa Maroa! Kama shemeji zako wa Kehancha wameshafungua zizi, wapelekee neno walifunge. Posa yetu ya Cephas kwa Dorine haijafa. Tunakuja!

Sasa nisamehe, nimekurukia kama mtu asiyefunzwa na wazazi. Hujambo, Milka wangu? Na hilo goti la kushoto linaendeleaje na upepo wa Homa Bay? Mahindi yanatoka, ama watu wa huko wamekataa debe lako wanataka kile kikopo cha gorogoro? Sisi hapa ni wazima. Mzee Jeremiah anakohoa kidogo kwa vumbi la malori ya miwa, lakini ugali anamaliza. Mimi mwili ni mzima. Habari ya moyo utaisoma mwenyewe huku mbele.

Barua hii nimempa Ombui wa kwaya yetu, anakuja huko kesho kutazamwa macho. Nimemwambia asimwachie mtu yeyote, hata Dorine, ila mkononi mwako tu. Ukiona amekuja na kikapu cha ndizi, ndizi ni zako pia.

Milka, mwezi mzima hatujasemezana. Mimi na wewe, tuliolala stoo moja tukilinda magunia! Najua ulivyoumia. Najua mshenga wetu alifika kwako akasema kwa ufupi kwamba upande wa Jeremiah umesimamisha safari, wala hakukaa kunywa chai. Na juzi soko la Isebania likaniletea habari kwamba yule Maroa mwenye lori, aliyefiwa na mke, ametenga ng'ombe wa mahari ya Dorine, na kwamba Jumatatu ijayo watasukumwa hadi kwa shemeji zako. Mwenye kunipa habari alicheka, akasema mimi Mkisii nimechezea shilingi kwenye tundu la choo. Nilifunga duka nikaenda nyumbani.

Acha nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho sitafika.

Cephas wangu unamjua tangu anatambaa juu ya magunia yako. Leo yeye ndiye anayepima maji ya visima upande wote wa Macalder, kule kwa wachimba dhahabu, ili ijulikane yapi yananyweka na yapi yameingiwa na zebaki. Sisemi ili nijisifu, ingawa hata nikijisifu nani atanikataza? Mtoto wa mwuza nafaka aliyeishia darasa la sita anapeana mikono na wakubwa. Basi mhandisi mmoja wa Kijerumani aliyefanya naye kazi alipomaliza mwezi wa nane na kurudi kwao, hakumwachia Cephas saa wala viatu. Alimwachia redio.

Nikiita redio nakosea. Haina antena, haina stesheni. Haina kaseti wala pa kutia kaseti. Ni kitu kidogo, kinaingia kwenye kiganja, kina kioo cha kuandika jina la wimbo na nyaya mbili za kutia masikioni. Ndani hakuna kinachozunguka, Milka. Ukikitikisa, wimbo haukatiki! Na si nyimbo tu. Cephas alinieleza kwamba kikiunganishwa na kompyuta kinabeba pia maandishi, faili nzima za ofisi. Nikamwuliza kwaya na karatasi zinalalaje nyumba moja bila kugombana. Akacheka, akasema kwa kifaa kile vyote ni tarakimu tu, ila nafasi ni ndogo, na kwamba ametoa nyimbo nne ili visima vyake sitini na viwili vipate pa kukaa.

Nilitembeza habari hiyo Migori yote. Niliwaambia wa soko, niliwaambia wa kanisa, nilimwambia hata karani wa posta ambaye hakuniuliza. Wifi yangu Phelesia, dada ya Mzee, akaniambia mbele ya watu kwamba nimeanza kusifia kiberiti. Nikamwambia angoje, Sabato moja nitamwalika pamoja na akina mama wa kwaya, wakitie masikioni wenyewe, ndipo aseme tena habari ya kiberiti.

Ndiyo Sabato Dorine aliyotutembelea, mwisho wa Oktoba. Mtoto wako alifika Ijumaa mchana na gunia dogo la dagaa wa omena na moyo mweupe. Hakukaa kama mgeni. Kabla jua halijatua tulikuwa tumepika chakula chote cha Sabato, na ni yeye aliyesonga wimbi na kufagia uani. Nilimwangalia nikamshukuru Mungu. Jioni hiyo Cephas akampa zile nyaya asikilize. Dorine alifumba macho anatabasamu, halafu akasema wimbo umezimika. Betri ilikuwa imekwisha. Cephas akaweka kifaa mezani, akasema kiache hivyo hivyo, atanunua betri Jumapili, na Jumatatu alfajiri atakipeleka ofisini huko kwenu Homa Bay, kwa sababu ripoti ilikuwa inasubiriwa siku hiyo. Alisema ile ndiyo nakala pekee iliyobaki. Kompyuta ya ofisi ya hapa ilikuwa imefutwa kwa virusi, na disketi zake zilikuwa zimekula vumbi la Macalder zikakataa kusoma.

Sabato tukaenda kanisani sote. Saa tisa akina mama wa kwaya wakaja, Phelesia akiwa wa kwanza, hata hakubadilisha viatu vya kanisani. Wakakaa, wakala, kisha wakaulizia kiko wapi kile kiberiti cha Mjerumani. Nikamwambia Cephas akilete. Mezani hakikuwepo. Cephas akatafuta kabatini, akatafuta chini ya kochi, uso ukaanza kumbadilika. Ndipo Dorine akatoka chumba alicholala, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga kilichokufa. Kioo kilikuwa cheusi, ganda limejipinda, mgongo umevimba. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amekikuta juu ya kitanda chake.

Phelesia akadakia kwamba kumbe vitu vya Migori vina miguu, vinajitembeza hadi kwenye vitanda vya wageni. Mwingine akasema labda msichana alikitia majini akitaka kukifuta. Cephas alimwuliza Dorine mara moja tu, kwa upole, nini kimetokea. Dorine akasema hajui. Akaulizwa na Mzee, akasema hajui. Mzee, ambaye unajua hapendi kelele, akasema kosa si kuvunja, kosa ni kukana. Alfajiri ya Jumapili mtoto wako akafunga mkoba wake. Alinishika mkono wa kwaheri, akanitazama, akasema, "Asante kwa chakula, mama." Hakulia mbele yetu. Nasikia alilia stendi.

Kazi ya Cephas haikuota mbawa, tushukuru. Bosi wake alimkemea mpaka wa ofisi ya pili wakasikia, kisha akampa hadi katikati ya Disemba avipime visima vyote upya. Kwa hiyo tangu siku hiyo mtoto wangu yuko juu ya baiskeli, kisima kwa kisima, kama fisi mwenye njaa.

Jana amerudi. Nilimwekea maji ya chumvi kwenye karai atie miguu, nyayo zimepasuka. Nikajaribu kusema habari ya Maroa. Akasema acha Dorine aolewe. Akasema kifaa ni kifaa, hata angekitia jikoni angemsamehe siku hiyo hiyo. Ila mtu anayeweza kutazama watu machoni akasema hajui, wakati anajua, hawezi kuishi naye. Akasema hayo huku anajifuta miguu kwa leso yangu.

Milka, hapo ndipo niliposhindwa.

Ni mimi. Kaa chini usome tena: ni mimi Mong'ina.

Asubuhi ile ya Sabato niliamka nikiwa na wageni kichwani. Betri imekufa, na kununua siku ya Sabato siwezi, unajua sisi Waadventista hatuuzi wala hatununui. Nikawaza kwamba jua si duka. Wewe na mimi tumeanika betri za redio juani miaka mingapi pale stoo? Zikipata joto si zinaamka, hata kama ni kwa nyimbo mbili? Nilitafuta mlango wa betri nisiuone, kila mahali ni laini, nikaogopa kuvunja kwa kisu. Basi nikapanda stuli nikakiweka chote kizima juu ya mabati ya jiko, nikageuza kioo kitazame juu. Hata nilijiona mwerevu. Tukaenda kanisani. Siku hiyo mhubiri hakumaliza mapema, nawe unajua jua la hapa saa sita.

Tuliporudi nilizunguka nyuma ya jiko nikidhani niko peke yangu, nikapanda stuli tena. Nilipokigusa kiliniunguza vidole. Plastiki ilikuwa laini kama nta. Nikakifunga ndani ya leso, nikasikia sauti za akina mama barabarani. Ningekirudisha mezani. Meza ilikuwa njiani, hatua kumi. Lakini niliingia chumba cha Dorine, nikakiweka kitandani kwake. Sitakudanganya kwamba nilichanganyikiwa. Nilijua ni kitanda cha nani. Niliona afadhali aibu imshike mgeni kuliko imshike mwenye mji mbele ya Phelesia.

Na kuna jambo ambalo huenda hata wewe hujui. Nilipokuwa nashuka kwenye stuli nacho, kimeshaharibika, Dorine alikuwa amesimama penye mtungi wa maji. Aliona kila kitu. Aliniambia tu, "Pole mama, jua limekuwa kali," akaendelea kuchota. Halafu jioni ile akasimama mbele ya watu wote, wakamtukana kabila na malezi, akasema hajui. Alinifunika, Milka. Binti wa miaka ishirini na mbili alinifunika mimi mwenye mvi, na mimi nikaketi pale nikimimina chai.

Mwulize. Kama hata wewe mama yake hajakuambia, basi ujue umezaa mtu.

Niliwaambia Mzee na Cephas jana pale pale, karai likiwa bado sakafuni. Mzee alivua kofia akaiweka gotini, akasema, "Mong'ina, umemvisha mtoto wa watu nguo yako chafu." Cephas alisimama na miguu yake mibichi, akatoka, akaketi uani hadi giza. Chakula changu hakukigusa, wala asubuhi hakugusa uji. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe, si kwa mkono wa mtu aliyesoma, ndiyo maana unaona mistari inapanda mlima. Baadaye akaniuliza kama nadhani Dorine atakubali hata kumtazama. Nikamwambia sijui. Na safari hii ni kweli sijui.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua ni rahisi, haina macho. Nakuomba siku moja tu. Nitakuja na Mzee, na Cephas, na Phelesia pia, huyo nitamburuta hata kwa kamba. Mwite Dorine, waite shemeji zako wa Kehancha, waite na majirani waliosikia kwamba binti yako ni mwongo. Nitasimama katikati yao niseme niliyoyaandika hapa, neno kwa neno, bila kumtuma mshenga. Nikimaliza, Dorine ndiye atakayesema kama posa ipo au haipo. Akikataa, tutakunywa maji tuondoke, na sitamlaumu. Haki hiyo ya kukataa ameshailipia.

Usitupikie. Safari hii chakula tutabeba sisi.

Wasalimie jirani zako wa soko la mahindi, na yule bibi anayekuuzia chumvi. Mzee anakusalimu kwa heshima zote. Cephas hajatuma salamu, amesema atazileta mwenyewe. Mwambie Dorine kwamba mama yule wa stuli amemtaja jina lake katika maombi kila usiku, na kila usiku ameshindwa kumaliza.

Tutafika kabla ya saa nne asubuhi, Jumapili hii, tarehe tano Disemba.

Ni mimi niliyekukosea,
Mong'ina, Mama Cephas