Fyuzi ya Gari la Baba

Jumatano, baada ya isha

Kompyuta ya gari imekufaje, na hata haijaulizwa?

Leo kule gereji Fundi Shabani alichomeka mashine yake ya kupimia kwenye gari la baba, akasema kompyuta haijibu, ing'olewe ipelekwe Dar. Na keshokutwa bibi ana kliniki ya macho!

Mimi niliona kioo cha mashine yenyewe ni cheusi, hakiwaki. Mashine ile hupata umeme kutoka kwenye gari. Na tangu ami achomeke kipaza sauti cha maulidi kwenye tundu la kuchajia simu, tundu lile halifanyi kazi. Huenda tundu na mashine vinatumia fyuzi moja, nayo imeungua.

"Shikamoo fundi, naomba..."

"Marahaba. Binti, nenda kamsaidie mama kukuna nazi."

Fundi na vijana wake wakacheka, na baba akatabasamu. Hilo ndilo lililoniuma. Fizikia nasomea nini basi, kukunia nazi?

Baada ya kula baba ameniita. "Ulitaka kusema nini kule gereji?"

Nimemweleza, hakunikatiza. Ametoka na tochi, amerudi na fyuzi kiganjani. Uzi wake umeungua.

"Kesho twende wote," amesema. "Utampa fundi wewe, kwa mkono wako."