Pumzi Niliyopuliza kwa Jina la Epiphanie

KITUO CHA POLISI, GISENYI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mukamusoni Bella
Umri: miaka 46
Kazi: msimamizi wa chumba cha kushona, karakana ya magodoro ya Bwana Ngoga
Makazi: Sekta ya Rubavu
Tarehe na saa: 18 Septemba 2025, saa 3:40 asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda mwaka 1996, ndiyo maana naeleza kwa Kiswahili. Bwana Ngoga amemshtaki mfanyakazi mwenzangu, Epiphanie Uwimpuhwe, kwamba karatasi yake ya daktari ni ya kughushi. Si ya kughushi. Za uongo ni zile za karakana, na uongo huo niliutia mimi.

Karakana hununua vipande vya vitambaa kwa mafundi cherehani na nguo kuukuu zisizouzika. Mashine huzichana mpaka ziwe kama pamba, kisha tunajaza magodoro na mito. Epiphanie alikuwa kwenye mashine hiyo tangu mwaka 2014. Vumbi la pale, ukiandika jina lako mezani asubuhi, mchana halisomeki tena. Barakoa zilionekana siku ya wageni. Siku nyingine tulipewa maziwa yanayotoka kwa wafugaji wa Mudende, nusu lita kila mtu, kwa imani kwamba yanashusha vumbi kifuani. Niliyagawa mimi, na asiyeyamaliza nilimkaripia. Mwaka huu daktari ameniambia maziwa huenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Niliona aibu.

Kuanzia mwaka 2019 Epiphanie alibanwa kifua kila Jumatatu. Ikifika Jumatano anapata nafuu. Tulimtania kwamba Jumapili amelala kwenye pombe, na yeye ni mlokole asiyegusa hata bia ya ndizi. Alicheka nasi. Baadaye kubanwa kukawa kwa wiki nzima, na utani ukaisha.

Mwaka 2021 Bwana Ngoga alianza kuleta muuguzi mara moja kwa mwaka, na mashine ya kupima pumzi. Unapuliza kwenye bomba, namba inatoka. Mwaka huo Epiphanie alipita kwa shida, lakini Phocas, aliyefanya kazi pamoja naye, alishindwa kupuliza. Wiki hiyohiyo aliachishwa kazi, akapewa godoro moja na asante. Toka hapo watu wakaliogopa lile bomba kuliko vumbi.

Mnamo tarehe 9 Mei 2022, siku ya Jumatatu, saa 4 asubuhi, muuguzi mgeni alikaa ofisini akiita majina kwenye orodha. Sura zetu hakuzijua. Epiphanie alikuwa ameegemea ukuta nyuma ya magunia, anahema. Akaniambia, akiniita kwa jina la mwanangu, "Mama Akaliza, leo haitatoka. Mi najua." Mimi naimba kwaya, sauti ya kwanza, na chumba changu hakina vumbi sana. Nilikuwa nimeshapuliza kwa jina langu. Nilimwambia akae palepale, nikavaa koti lake na kitambaa chake cha kichwa, nikaingia jina lake lilipoitwa. Muuguzi akasema, "Bon, mapafu mazuri sana." Nilitoka nikicheka. Epiphanie alinikumbatia.

Nilirudia tarehe 8 Mei 2023 na tarehe 13 Mei 2024. Kila mwaka muuguzi alikuwa mwingine. Moyoni nilijiambia ni huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini afisa ameniuliza kama ni hiyo tu, na nimeahidi kusema kweli. Epiphanie alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Angeondoka, mito yangu ingechelewa kujazwa, na mimi ningegombezwa. Hilo nalijutia kuliko yote.

Tarehe 3 Machi 2025, saa 2 asubuhi, alianguka mlangoni mwa karakana. Daktari wa hospitali alisema mapafu yameharibiwa na vumbi la nguo la miaka mingi, na kwamba angetolewa kwenye mashine miaka mitatu nyuma, huenda leo angetembea mwenyewe hadi sokoni. Epiphanie aliomba karakana igharamie matibabu. Bwana Ngoga akatoa karatasi tatu za mwisho za kipimo cha pumzi, zote zinasema mzima, akamwita mwongo. Mapafu ya kwenye karatasi hizo ni yangu. Wanasema majuto ni mjukuu; wangu ameshaanza kutembea.

Jana, saa 11 jioni, nilikwenda kwake. Hawezi tena kulala chali. Hukaa kwenye kiti usiku na mchana, mito miwili mgongoni. Nilimwambia nitakuja hapa hata kama nitafungwa. Alitafuta pumzi, kisha akasema polepole, akipumzika katikati, "Enda, Mama Akaliza. Sema yote. Lakini usiwaambie mi nilikuwa mujinga."

Nililia mbele yake. Basi naomba liandikwe: hakuwa mjinga. Alikuwa mgonjwa, na mimi nilimficha asionwe na watu ambao wangeweza kumtibu.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda kwa hiari yangu. Nimesomewa yote, ni sawa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Mukamusoni B.

Maelezo ya afisa: Kabla ya kuanza, shahidi alionywa kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Alitaka kuendelea. Epiphanie Uwimpuhwe alitakiwa kufika kituoni tarehe 22 Septemba 2025. Wito huo nimeufuta. Nitamfuata nyumbani, kwa kuwa hawezi kupanda ngazi za kituo.

Jean de Dieu, mpelelezi. Saa 5:15 asubuhi.