Nani Alikataza Mama Asiinuliwe

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Kazi zinakwendaje? Mimi nashukuru, nimerudi nyumbani na pumzi ni zangu mwenyewe, ila usicheke mwandiko. Siku kumi na tisa za mashine ya kupumulia zimeniacha sina miguu ya kusimamia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitaka kunikalisha tangu siku ya tatu, mpira wa kupitishia hewa ukiwa mdomoni hivyo hivyo, anikunje magoti. Mwenzangu wa kitanda cha pili alifanyiwa, leo anatembea. Mimi ndugu walikataza. Fomu ya kukataa ina sahihi ya mdogo wako! Nimemwambia asinisemeshe.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima. Mwandiko wa kuku, lakini nimeubusu. Usimkasirikie sana mdogo wangu. Labda aliogopa. Sote tuliogopa. Kula vizuri.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Una moyo laini, ndiyo maana unamtetea. Kila asubuhi kabla ya kazi anakuja, ananinyoosha miguu kama alivyofundishwa, ananibeba hadi bafuni. Jana nilimwambia aliyeninyima miguu asijifanye fundi wa miguu. Akainama, akaendelea kunikunja goti.

Mama yako

6 Mei

Shikamoo mama,

Barua hii nimeichana mara nne. Ni mimi. Watu wa hospitali walinipigia simu kwa kuwa ndimi mkubwa. Niliposikia wanataka kukuinua na mashine yako, nikapiga kelele: mama yangu si gunia, mwacheni apumzike! Mdogo wangu alinisihi. Nikamwambia, ukikubali wamguse na akafa, mimi si dada yako tena. Ndipo akasaini. Kisha nikanyamaza, anatukanwa yeye. Hatia inanila, mama.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mbele ya mdogo wako. Hakushtuka. Nikamwuliza, mbona ulinyamaza? Akasema, "Mama, dada yuko peke yake kule. Ukimkasirikia atalia na nani? Mimi ukinifokea, asubuhi si nakuja tu?"

Nimelia, nimemwomba radhi. Wewe nina hasira nawe, sikufichi. Si kwa kukataza; hofu hata mimi ningekuwa nayo. Ni kwa kunyamaza.

Leo tumejaribu kusimama, nikaangukia kitandani. Mtaalamu anasema kunataka watu wawili, mmoja kila upande. Upande wa kushoto hauna mtu. Njoo.

Mama yako