Kwa Dada Anayezunguka na Ugonjwa Wake

Dada yangu mpendwa,

Furaha, mdogo wetu, amenipigia simu kutoka Buffalo. Anasema umeanza kukunja nguo, eti mimi nimekuomba urudi Louisville. Sijakuomba. Ulipotoka kwangu hapa Newburg, mtaa wa Louisville, ulisema, "Bon, mke wa Amani kule Columbus amechoka, acha nikamsaidie." Kwa kaka Amani ukasema Furaha hana wa kumlelea watoto. Kila nyumba unaiaga kabla haijakuchoka, na kila mji madaktari wanaanza upya.

Nyumba yangu ni yako, unajua. Lakini daktari wa Buffalo amekuonya: ukikatiza tena dawa, saratani ya titi haitakusubiri.

Unakumbuka nilivyovunjika mguu nikiwa mtoto, kule milimani kwetu? Nilitaka maziwa, yakija nikayataka ya moto, yakipashwa nikalia yanaunguza. Ulikuwa ukinicheka: "Mheshimiwa gavana, kesho tukukamulie ng'ombe gani?" Sikuona aibu hata kidogo. Nilijua kwamba nikiugua, wewe upo.

Ni nani basi aliyekufundisha wewe kuona aibu? Ni sisi. Juzi kwenye maombi mzee mmoja alikusifu: "Mama yule ana heshima, hasumbui mtu." Nikasimama. Nikamuuliza ni heshima gani hiyo inayomfanya mgonjwa aombe radhi akikohoa. Mke wangu alinivuta koti, sikukaa. Tunawasifu wagonjwa wanaonyamaza kwa sababu kimya chao kinatupumzisha sisi, halafu kwenye mazishi tunashangaa kwamba hawakusema.

Hatuko peke yetu. Yule nesi Mfilipino aliyekuchoma sindano hapa Louisville alinisimulia koridoni kwamba mama yake naye alificha uvimbe. Hakutaka kuwasumbua watoto waliokuwa kazini ng'ambo. "Kwetu mama anaona haya kuugua," alisema, akageuka kufuta meza iliyokuwa safi.

Kabla ya ugonjwa huu ulikuwa unanituma mbele ya wageni wangu, mimi mwenye mvi. "Wewe profesa wa kelele, kalete chumvi." Walicheka, nikaenda nikinung'unika, na moyoni nilikuwa na furaha ya mtu mwenye dada mkubwa. Tangu uanze dawa hujanituma hata maji. Hapa kwangu uliyafuata mwenyewe ukishika ukuta, nami nikakaa kwenye kiti kama mgeni. Unadhani unanipumzisha. Dada, unanifukuza.

Rudisha hizo nguo kabatini. Jumamosi napanda basi kuja Buffalo, na nitakaa mpaka dawa iishe. Ghala ninalofanyia kazi kule Okolona litapata mtu mwingine wa kupanga maboksi. Usiinuke kunipokea, wala usipike. Kaa hapo ulipo, unitume kitu. Hata kama hukihitaji, nitume.

Nakuombea usingizi mzuri hadi nifike.

Mdogo wako