Uzi wa Bluu kwenye Chujio

Issenye, Jumanne jioni, Agosti 1979

Kumbe hakukipoteza mnadani kama alivyoniambia. Kile kitambaa cha mkono nilichomtarizia Baba Bhoke mwaka tuliooana, alikuwa anakichujia petroli!

Petroli ya kijiji inakaa kwenye pipa lenye kutu, na pikipiki yake ya ubwana mifugo imekuwa ikizimika njiani. Wiki iliyopita ilizimika akitoka Ringwani. Aliisukuma mpaka giza, mimi nimekaa mlangoni nawaza fisi.

Juzi akakata mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye kabureta, akapachika katikati chujio dogo la kioo alilopewa na fundi wa Tarime. Akaukata kwa mkasi wangu wa kushonea! Sasa haukati hata uzi. Nimenuna siku mbili.

Leo kaenda tena Ringwani, kwenye josho la ng'ombe, karudi jua bado liko juu. Moyo wangu ukatulia. Nikainama nitazame hicho kioo anachojivunia. Ndani kuna kutu, na nyuzi tatu za bluu. Bluu yangu, naijua.

"Baba Bhoke, hii ni nini?"

Akajikuna kichwa. "Mama Bhoke, sikuwa na chujio, na ng'ombe wa watu walikuwa wanakufa. Ningechujia nini?" Kisha, taratibu, "Kilikuwa kinachuja vizuri sana."

Nilitaka kugomba, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Nitamtarizia kingine. Safari hii natumia uzi wa kijani, ili akirudia nimwone mapema kwenye kioo.