Kambi Ilikuwa Shamba

Nadine mujukuu wangu,

Hapa kambini Lusenda tuko wazima, na dada yako amejifungua salama. Unaniuliza kama ninaamini mwalimu wako, kwamba neno la Kingereza "camp" lilitoka kwa neno la zamani la kusema shamba. Naamini sana!

Nilipokuwa musichana, katika kambi yetu ya kwanza, walikataza kulima. Mama alikuwa amefunga mbegu za maharage kwenye pindo la kikwembe chake; hata tulipolala njaa hakuzipika. Akazipanda mbele ya hema. Mulinzi akang'oa. Mama akapanda tena, mulinzi akitazama.

"Mama, hii ni kambi, si shamba!" mulinzi akamukaripia.

"Ng'oa tu, baba. Mbegu ningali nazo."

Leo maharage yamepanda mpaka kwenye paa langu. Nani aje ayang'oe?

Nyanya yako